Ngozi ya Viti vya Motokaa Kuukuu: Kutengeneza au Kubadili?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa kila mwezi wa Chama. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Bwana Katibu aliponiuliza nitasema juu ya jambo gani, nalimjibu kwamba nitasema juu ya viti vya motokaa. Akacheka, wala sikumlaumu. Mwezi uliopita twalisikia hotuba juu ya malipo ya uzeeni, na mwezi uliotangulia juu ya masomo ya watoto. Viti ni jambo dogo mno kuwekwa katika mstari mmoja na hayo. Lakini nalimwambia, "Bwana Katibu, tafadhali tazama daftari la mikopo." Alipotazama aliona jina langu, na sababu ya mkopo, na hesabu ya miezi niliyochukua kuulipa. Basi akaacha kucheka.

Nami nasikia kwamba sasa hivi yapo maombi mengine mawili ya namna ile ile mbele ya Kamati. Sikuja kuyapinga. Wengi wetu tunanunua motokaa zilizokwisha tumika, hasa zitokazo Japani, na nyingine zina viti vya ngozi. Wengine twarithi za wazee wetu. Ngozi huchakaa, na mtu hawezi kwenda kazini na suruali iliyojaa unga wa sponji. Nimekuja kuwaeleza niliyojifunza kwa fedha zangu na kwa fedha zenu, ili mwingine asilipe ada ya somo lile lile mara ya pili.

Motokaa yenyewe ni Volvo 240, ile ya pembe pembe kama sanduku, ambayo Waswidi waliitengeneza tangu 1974 hata 1993, na jumla yake ilipita 2,500,000. Baba yangu, aliyekuwa bwana shamba, aliinunua ikiwa imekwisha tumika, akakaa nayo Njombe miaka mingi. Viti vyake vilikuwa vya ngozi ya rangi ya kahawia. Njombe kuna baridi, na baba alikuwa na banda la kuiwekea. Kila Jumamosi alivipangusa viti kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo, basi, hakuna zaidi. Mwaka 2016, macho yake yalipopungua nguvu, alinipa funguo, nikaja nayo Dar es Salaam.

Hapa nalikuwa nikiiacha uani mwa ofisi, juani, tangu saa moja na nusu asubuhi hata saa tisa na nusu alasiri. Kwa muda wa miaka mitatu sikuvipangusa viti hata mara moja. Mshono wa kiti cha dereva ukaanza kuachana upande wa mlango, upana wa kidole. Nikaufunika kwa taulo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami naliweka taulo juu ya ufa. Baada ya miezi michache ulikuwa upana wa kiganja. Mwaka 2019 baba alitaka kuja kutibiwa macho, nikaona haya aje akute niliyoifanyia motokaa yake. Ndipo nikaja kwenu kukopa.

Fundi wa kwanza hakukifungua kiti. Alikipiga kofi mara mbili akasema, "Ngozi hii imekufa, bosi. Tunavua viti vyote viwili vya mbele, tunaweka mpya." Bei yake ilikuwa mishahara yangu miwili. Sikumwuliza hiyo mpya ni ya kitu gani. Sikuandika neno lolote. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuwaambia watu walete karatasi, sikudai hata kipande cha karatasi! Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi makarani twausema msemo huo kuliko watu wote.

Siku ya nne nalikuta viti vinameta kama viatu vya askari siku ya gwaride. Nikafurahi. Baba alipofika aliketi mbele, akapapasa kiti kwa mkono, kwa maana macho yake hayakuona vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hii si ngozi. Ile nyingine umeiweka wapi?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nalirudi kwa fundi kuulizia ngozi ya zamani. Aliniambia bila haya yoyote kwamba amewauzia washona makubazi. Fikirini, wenzangu: ngozi niliyoambiwa imekufa ilikuwa ikitembea barabarani miguuni mwa watu.

Haukupita mwaka mmoja na miezi miwili, kiti cha dereva kikabonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, na ile ngozi ya bandia ikaanza kubambuka vipande vipande. Mkopo wenu ulikuwa wa miezi 24. Kwa miezi 10 nalilipa deni la viti vilivyokwisha kuharibika. Hayo ndiyo aliyoyaona Bwana Katibu katika daftari.

Hatimaye rafiki mmoja alinipeleka kwa fundi mzee. Nalimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu, kitoe kiti nje kwanza, maneno baadaye." Tukafungua misumari minne, akakipindua kiti juu ya turubai, akazikata pete za waya zinazokaza kifuniko, akakivua. Chini yake twalikuta springi mbili zimekatika kwa kutu, na sponji ya zamani imekuwa unga, na juu ya unga ule kipande cha godoro kuukuu. Mzee akaniambia, "Mwanangu, umemvika mgonjwa kanzu mpya badala ya kumpa dawa." Yanayofuata sasa ni mafundisho yake, pamoja na niliyojisomea mwenyewe baadaye.

Kiti cha motokaa ni vitu vinne: chuma na springi, sponji, ngozi, na uzi. Kila kimoja chachakaa kwa mwendo wake. Mara nyingi ngozi ndiyo ya mwisho kufa, walakini ndiyo ya kwanza kushitakiwa, kwa kuwa ndiyo ionekanayo. Springi ikikatika, sponji hulemewa. Sponji ikibonyea, ngozi hukosa mto wa kuishika, ikakunjamana. Kila unapoketi, mshono wavutwa kwa nguvu isiyo yake, uzi ukakatika. Wewe waona mshono umeachana, wadhani ngozi imeoza. Mtu akibadili ngozi na kuacha springi iliyokatika, amekata matawi na kuacha mzizi.

Sasa ngozi yenyewe. Ngozi mbichi huoza, sharti isindikwe. Nalikulia Njombe karibu na mashamba ya miwati, mti uliotoka Australia, ambao maganda yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi. Kampuni ya miwati ilianzishwa huko mwaka 1949. Lakini ngozi nyingi za viti vya motokaa husindikwa kwa chumvi za kromu, nazo huwa laini na kustahimili joto. Baada ya hapo ngozi hupakwa rangi na juu yake utando mwembamba wa kuilinda. Kwa hiyo katika motokaa nyingi, unapopapasa kiti, mkono wako haugusi ngozi hasa, bali rangi iliyo juu yake. Na nyufa ndogo tunazoziona mara nyingi ni za rangi ile, wala hazijafika ndani.

Mzee alinionyesha namna ya kujua. Tia tone la maji mahali palipochakaa. Tone likikaa juu, rangi bado ni nzima. Likinywewa na mahali pale pakawa peusi, rangi imekwisha na ngozi i wazi. Hapo yapasa kufanya haraka, maana jasho na mafuta ya mwili huingia ndani na kuilegeza.

Adui wa ngozi ni wanne: jua, vumbi, jasho, na mwenye motokaa aingiapo kwa kujiburuta. Jua hukausha na kupausha. Vumbi ni kama msasa: kila ukiketi waisugua rangi. Na kwa kuwa katika nchi yetu usukani uko kulia, ukingo wa kulia wa kiti cha dereva ndio unaokwaruzwa kila siku. Anzeni kutazama hapo. Utunzaji wake ni rahisi: egesha kivulini, au funika kioo cha mbele, ondoa vumbi kwa brashi laini, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni isiyo kali, kisha kausha. Msipake mafuta ya nazi. Hayapenyi rangi, yakaa juu, yashika vumbi, na katika hewa ya unyevu ya pwani huleta ukungu. Wala msipake dawa ya viatu, kwani itahamia katika nguo zenu kabla hamjafika ofisini.

Ikiwa ubovu umekwisha kuingia, tazameni ni wa namna gani. Mshono ukiachana na ngozi ya kando yake ikiwa nzima, kazi ni ya uzi tu. Kifuniko kivuliwe, kishonwe upya kwa kupitisha sindano katika matundu yale yale ya zamani. Fundi akitoboa mapya kando ya yale ya kwanza, ngozi itakuwa kama karatasi ya stampu za posta, nayo itachanika hapo hapo. Uzi uwe wa poliesta, kwani hustahimili jua kuliko wa nailoni; uzi wa pamba huoza kwa jasho na unyevu.

Nyufa zikiwa za juu juu, kiti husafishwa kwanza uchafu na mafuta yote, kisha hulainishwa kwa msasa mwembamba, hujazwa rojo lisilokauka likawa gumu, hupakwa rangi ya ngozi tabaka nyembamba nyembamba, na mwisho utando wa kulinda. Ngozi ikichanika, kipande cha kitambaa imara hupenyezwa chini yake, kikubwa kuliko tundu pande zote, kikabandikwa kwa gundi inayobaki laini. Ncha za ngozi hukutanishwa juu yake, ndipo rojo na rangi hufuata. Gundi ikaukayo kama kioo haifai, maana kiti hujikunja kila siku, na palipo pagumu patakatika tena. Ikiwa mpasuko uko mahali panapovutwa sana, kiraka peke yake hakitadumu, afadhali kubadili kipande kile.

Nasema kipande, wala sisemi kiti. Kifuniko cha kiti kimeunganishwa kwa vipande vingi. Fundi mwelekevu hufumua mshono, huweka kipande kibovu juu ya ngozi mpya kama cheni ya fundi cherehani, hukata na kushona. Kila kipande kiandikwe namba kwa chaki upande wa ndani kabla ya kufumuliwa. Mkumbuke pia kwamba katika motokaa nyingi sehemu ikaliwayo tu ndiyo ngozi, na pande na mgongo wa kiti ni bandia tangu kiwandani. Msidai kulipia ngozi mahali ambapo haikuwapo.

Kubadili kote kunafaa lini? Ni pale ngozi inapokuwa imekauka ikakatika kama biskuti ukiikunja, au imeoza kwa maji. Hapo hesabu ni kubwa: ngozi nzima ya ng'ombe mkubwa ina mita za mraba 4 mpaka 5 hivi, na viti vyote vya motokaa huweza kula ngozi 3 mpaka 5. Ng'ombe wetu wengi ni wadogo, na ngozi zao mara nyingi zina makovu ya chapa, kupe na miiba, ambayo fundi sharti ayakwepe anapokata. Basi hupotea nyingi. Ndiyo sababu ngozi halisi ni ghali, nayo ni sababu ya kutokuitupa ile uliyo nayo.

Simtukani atakayechagua ngozi ya bandia. Ikiwa nzuri, ni halali yake, mradi ajue anachonunua na alipe bei yake. Kuitambua si vigumu: geuza upande wa nyuma. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi za nyama zisizo na mpango. Ya bandia mara nyingi ina kitambaa kilichofumwa. Nayo ziko namna mbili kubwa: moja hukakamaa na kupasuka kwa jua, ya pili hubambuka kwa joto na unyevu. Mimi nalipewa ile ya pili, hapa Dar es Salaam, mahali pa joto na unyevu! Na kuhusu sponji, ya godoro jepesi hulala upesi. Ulizeni uzito wake, ambao kwa kiti wapasa kuwa kilo 40 au zaidi kwa mita moja ya ujazo.

Jambo moja zaidi, na hili ni la roho za watu. Motokaa nyingi za miaka ya baadaye zina mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti, ufumukao motokaa inapogongwa kando. Volvo ndiyo ya kwanza kuuza motokaa zenye mifuko ya namna hiyo, mwaka 1994. Mfuko hutoka kwa kuupasua mshono uliowekwa makusudi kuwa dhaifu. Fundi asiyejua akiushona mshono ule kwa uzi wa nguvu, au mwenye motokaa akivika kiti kifuniko kinene juu yake, mfuko waweza kushindwa kutoka, au kutoka vibaya. Kwa hiyo tafuteni ubavuni mwa kiti herufi SRS au neno la mfuko wa hewa. Ukiziona, usimpe kazi fundi asiyejua maana yake. Kabla ya kukitoa kiti, betri ifunguliwe na kungojewa dakika kadhaa, na nyaya zilizo chini zisivutwe wala kukatwa. Volvo yangu ni ya kabla ya mambo hayo, lakini zile mnazonunua leo huenda zinayo.

Sasa niwape hesabu yangu. Viti vya mbele nalivilipia mara mbili: mara ya kwanza kwa mkopo wenu, na mara ya pili kwa mzee, kwa springi, sponji ya kufaa, na ngozi ya bandia ya daraja la juu, kwani ile halisi ilikuwa imekwisha kuwa makubazi. Kiti cha nyuma kilikuwa na nyufa na mishono mitatu iliyoachana. Yule fundi wa kwanza alitaka kukivua nacho, fedha tu ndizo zilizonizuia. Mzee alikishona, akakijaza, akakipaka rangi, kwa fedha isiyofika sehemu moja ya tano ya mkopo. Mpaka leo ni kizima. Kama ningalikwenda kwake kwanza, vyote vingalikuwa hivyo, wala nisingalihitaji kukopa.

Kwa sababu hiyo naleta shauri kwa Kamati. Mwanachama akiomba mkopo kwa kazi ya viti, aambatanishe karatasi yenye mambo manne: kwanza, kwamba kiti kimefunguliwa na springi na sponji zimetazamwa, pili, orodha ya vipande vitakavyotengenezwa na vitakavyobadilishwa, na sababu, tatu, jina la kitu kitakachotumika, ngozi au bandia, pamoja na kipimo kidogo kilichokatwa na kubandikwa kwenye karatasi, na nne, kwamba ngozi yote ya zamani ni mali ya mwenye motokaa na itarudishwa kwake. Karatasi hiyo haitamwudhi fundi mwaminifu. Asiye mwaminifu atakataa kuitia sahihi, na hapo mtakuwa mmekwisha kupata faida.

Bwana Mwenyekiti, nimesema mengi kuliko niliyoahidi. Baba bado huja Dar es Salaam kila mwaka kwa ajili ya macho yake. Siku hizi, nikimfungulia mlango wa mbele, husema, "La, mwanangu, mimi nitakaa nyuma." Nami najua sababu, wala simwulizi.